Kompyuta ya Waislamu Isiyotumia Betri

Jioni ukingoja futari, bila shaka unatazama simu kujua Maghrib imebaki dakika ngapi. Na betri ikiisha je? Waislamu waliotutangulia walikuwa na kompyuta yao, tena haikuhitaji betri wala stima.

Inaitwa asturlabu. Asili yake ni kwa Wayunani, lakini Waislamu waliiboresha sana wakaitumia kujulia nyakati za swala na kibla. Ni sahani za shaba zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya chini imechorwa mistari ya anga la mji fulani, ya juu ina ncha zinazoonyesha nyota. Unapima urefu wa nyota angani, unazungusha sahani mpaka ncha yake iguse mstari wa kipimo chako, kisha unasoma saa. Basi! Hesabu ngumu imekwisha bila kuandika namba.

Hiyo ndiyo kompyuta ya analogi. Simu yako ni ya dijitali, kila kitu hukigeuza kuwa sifuri na moja. Analogi huiga jambo lenyewe: sahani inazunguka kama anga linavyozunguka.

Mwaka 618 Hijria (1221/1222), Muhammad bin Abi Bakr wa Isfahan, Iran, alitia magurudumu ya meno ndani ya asturlabu. Ukiyazungusha, kidirisha kinaonyesha umbo la mwezi. Chombo hicho kipo hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Oxford, Uingereza. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alikuwa ameshaeleza ufundi kama huo.

Usidhani mambo haya yamepitwa na wakati. Kompyuta za akili bandia zinakula umeme mwingi mno. Ndiyo maana mwaka 2023 watafiti wa IBM walitangaza chipu ya analogi, ambayo mkondo wa umeme wenyewe ndio unaofanya hesabu, ili kupunguza matumizi hayo.

Lakini vijana wenzangu, tusiishie kujisifu. Isfahan walifanya kazi yao, sisi je? Ramadhan hii toka nje na wadogo zako, muuangalie mwezi, mchore umbo lake kwenye daftari. Siku za mwisho mtautafuta wakati wa daku. Na shule zikifunguliwa, usiikimbie hesabu wala fizikia.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na azitakabali saumu zetu. Amin.