Ukisoma, Unafutwa

Mwaka wa 1876, Bunge la Kanada lilipitisha sheria ya kuwatawala wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Iliwaita Wahindi, jina walilobandikwa tangu Columbus alipodhani amefika India. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha ajabu: mwenyeji akipata digrii, au akiwa daktari, wakili ama kasisi, papo hapo anaacha kuwa mwenyeji mbele ya sheria. Anapewa haki za raia wa kawaida, lakini jina lake linaondolewa kwenye orodha ya watu wake. Mke na watoto wake wadogo wanatoka naye.

Serikali haikuona hiyo kama adhabu. Kwake ilikuwa zawadi, ati umestaarabika sasa. Lengo lilikuwa kuwayeyusha wenyeji ndani ya jamii ya wazungu. Mwaka wa 1880 kifungu kililegezwa, msomi akatakiwa kuomba mwenyewe. Lakini mpango wa kuwafuta watu kisheria uliendelea kwa sura mbalimbali hadi 1985.

Kinachouma ni hiki: mwaka huohuo wa 1876, watu wa Cree na majirani zao walitia saini Mkataba wa Sita na serikali ya Malkia Victoria. Taji likachukua eneo kubwa la nyanda za magharibi. Wenyeji nao wakaahidiwa, pamoja na mambo mengine, shule kwenye maeneo yao.

Kwetu basari ni kitu cha kuombwa. Unajaza fomu, chifu anapiga muhuri, unashukuru. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo hiyo foleni naijua. Viongozi wengi wa wenyeji wa Kanada hawazungumzi hivyo. Wanasema pesa hizo ni malipo ya ardhi. Elimu iliahidiwa, na chuo kikuu ni elimu. Serikali imekuwa ikisema huo ni mpango wake tu, unaoweza kupunguzwa.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, mpango wa serikali ulikuwa ukiwalipia wenyeji wengi karo, vitabu na pesa za kujikimu. Wanafunzi wakaongezeka haraka. Halafu mwaka wa 1989 serikali ikaweka mipaka kwenye pesa hizo. Wanafunzi wakaandamana, wakakalia ofisi za serikali, na wengine wakagoma kula. Babu zao waliogopa kupoteza jina kwa kusoma. Hawa walikaa njaa ili wasome.

Mwaka wa 1996 mambo yakabanwa zaidi: bajeti ya huduma za wenyeji isiongezeke kupita asilimia 2 kwa mwaka. Hesabu ni rahisi. Bei zinapanda, vijana wanaongezeka, pesa inabaki karibu palepale. Kikomo hicho kilidumu karibu miaka 20. Na kwa kuwa pesa hugawanywa na ofisi za jamii zenyewe, ni mtu wa kwenu anayelazimika kukwambia mwaka huu hujapata.

Kwa hiyo ukisikia mtu akisema ati wenyeji wa Kanada husomeshwa bure, muulize ile ardhi ililipiwa na nini.