Maziwa, Mvinyo na Sauti ya Cucu: Historia Fupi ya Kusubiri Katika Simu za Intaneti

Samahani kwa kimya cha wiki mbili. Nilikuwa nyumbani Endarasha, na wanaopajua wanajua kwamba mtandao wa huko Kieni una siku zake. Ukisimama kwenye mwinuko unaotazama Nyandarua, simu inashika vizuri. Ukiteremka mtoni, umeagana na dunia. Sikulalamika lakini, maana kimya hicho ndicho kilichonipa mada ya leo.

Leo nataka tuzungumze juu ya kusubiri. Si kusubiri matatu, bali kusubiri sauti. Unapopiga simu kupitia intaneti, ndani ya rununu yako kuna programu ndogo inayoyashika maneno ya mwenzako kwa kitambo kabla ya kukuruhusu uyasikie. Inayashika makusudi! Wahandisi huiita bafa ya jita. Jita ni ile hali ya pakiti za sauti kufika kwa vipindi visivyolingana, na bafa ni chumba cha kungojea. Kwa nini mtu atengeneze programu ya kukuchelewesha? Na nani aliamua tungoje kiasi gani? Hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Tuanzie kwenye saiba moja mjini Nyeri.

Mwaka 2006 nilikuwa na umri wa miaka minane. Shangazi yangu alikuwa Marekani, karibu na Boston. Mwaka huo guka alifariki, na shangazi hakuja mazishini kwa sababu makaratasi yake ya uhamiaji hayakuwa yamekamilika. Wiki chache baadaye baba alitupakia kwenye matatu, mimi na cucu, hadi mjini. Cucu akavishwa vipokea sauti juu ya kitambaa chake cha kichwa, nami nikabanana naye kwenye kiti.

Shangazi akauliza, "Maitu, bado umenikasirikia?"

Cucu alijibu hapo hapo. Nilimwona kwa macho yangu. Alisema hapana, tena kwa haraka. Lakini shangazi alisikia kimya. Akaanza kulia na kuomba msamaha upya, na maneno yake yakakutana njiani na jibu la cucu. Cucu akanyamaza ili amsikilize. Shangazi naye akanyamaza. Kisha wakasema wote kwa pamoja, wakanyamaza tena wote kwa pamoja. Dakika tulizolipia zikaisha. Miaka mingi baadaye shangazi aliniambia kwamba aliishi na kile kimya mpaka siku aliporudi nyumbani.

Mimi sasa ni mtu wa kuandika programu, kwa hiyo hebu tukipime kile kimya.

Wakati ule Kenya haikuwa na waya wa baharini wa intaneti. Mawasiliano yetu na dunia yalipitia setilaiti. Kituo cha ardhini cha Longonot kilikuwa kikiwasiliana na setilaiti tangu 1970, na saiba nyingi za miaka ya 2000 zilitegemea setilaiti za aina hiyo hiyo. Setilaiti hizo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,000, na hata mwanga, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, hutumia milisekunde 240 hivi katika safari hiyo. Swali likienda na jibu likirudi, karibu nusu sekunde imeliwa na anga peke yake. Ongeza foleni za mitambo njiani, ongeza chumba cha kungojea katika kila kompyuta, na unaweza kufika sekunde nzima au zaidi. Shirika la ITU, katika pendekezo lake la G.114, linasema sauti ikichelewa chini ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, mazungumzo mengi huenda vizuri, na kwamba mitandao isipangwe ipite milisekunde 400. Kwa hiyo watu wetu walikuwa wakizungumza mambo mazito ya ukoo nje ya mipaka hiyo.

Ilikuwa mbaya kiasi kwamba hata barua pepe kutoka mtaa mmoja wa Nairobi hadi mwingine ilizunguka ng'ambo kama wateja hao wawili walikuwa na kampuni tofauti za intaneti. Ndiyo maana mwishoni mwa 2000 kampuni hizo zilifungua KIXP, mahali pa kubadilishana data hapa hapa nchini. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba, ililalamika, na tume ya mawasiliano, CCK, ikaifunga baada ya wiki mbili tu. Katika wiki hizo mbili vipimo vilionyesha ucheleweshaji umeshuka kutoka milisekunde 1,200 hadi 2,000 na kufika milisekunde 60 hadi 80! Ilifunguliwa tena Februari 2002. Simu za intaneti zenyewe zilikuwa zimekatazwa, na njia ilianza kufunguka baada ya ukiritimba wa Telkom kumalizika mwaka 2004.

Haya basi. Urefu wa njia ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kutolingana, na hapa naomba turudi Endarasha.

Kwetu watu hufuga ng'ombe wa maziwa. Asubuhi mikebe hufika mahali pa kukusanyia kwa njia tofauti: huyu kwa punda, yule kwa bodaboda, mwingine ameibeba mgongoni. Gari la maziwa lina saa yake. Karani akisubiri kila mkebe, jua linapanda na maziwa yaliyotangulia yanaharibika. Akiondoka mapema, ya jirani yanabaki barabarani. Bafa ya jita ni karani huyo. Sauti yako hukatwa vipande, kwa kawaida kimoja kila milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa sekunde. Zinaondoka kwa mpangilio, zinafika ovyo, na sikio linataka zisikike tena kwa mpangilio. Pakiti iliyofika baada ya zamu yake hutupwa, hata kama ni nzima kabisa.

Wa kwanza kuumizwa kichwa na jambo hili walikuwa watafiti wa ARPANET kule Marekani. Kuanzia mwisho wa 1973, Danny Cohen wa taasisi ya ISI, California, na wenzake walijaribu kutuma sauti kwa pakiti, na mwaka 1974 sauti ikasafiri kati ya ISI na maabara ya Lincoln ya MIT. Itifaki yao, NVP, ilichapishwa mwaka 1977 kama RFC 741. Waligundua kwamba mtandao ulikuwa mwaminifu kupita kiasi. Pakiti ikipotea, mtandao uliirudia, na zilizoifuata zikasimama foleni kuingoja. Kwa faili ni sawa. Kwa sauti ni balaa, maana neno lililochelewa halina kazi tena.

Cohen na wenzake walisisitiza kwamba sauti ipewe njia isiyongoja. Hoja hiyo ni mojawapo ya sababu za TCP ya mwanzo kugawanywa mwaka 1978 kuwa TCP na IP, na mwaka 1980 Jon Postel akaandika UDP, itifaki ambayo ikipoteza kitu haikirudii. Kila simu ya intaneti unayopiga leo ina deni kwa uamuzi huo. Andrew Tanenbaum, katika kitabu chake Computer Networks ambacho wengi wetu tulikisoma chuoni, anaziita sera hizi mbili mvinyo na maziwa. Kwa mvinyo, cha zamani ni bora kuliko kipya. Kwa maziwa, kipya ni bora kuliko cha zamani. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktabani. Mtoto wa Endarasha alihitaji digrii ili aambiwe habari za maziwa!

Swali lililobaki ni muda wa kungoja. Mwanzoni wengi waliweka kiasi kimoja kisichobadilika. Mwaka 1994 Ramjee, Kurose, Towsley na Schulzrinne walichapisha njia ambayo hadi leo ni somo la lazima. Programu ipime wastani wa ucheleweshaji, ipime pia jinsi unavyoyumba, kisha ingoje wastani huo pamoja na mara nne ya kuyumba. Na ibadilishe muda huo wakati msemaji anapovuta pumzi, kwa kurefusha au kufupisha kimya baina ya sentensi, usigundue chochote. Waliona pia kwamba ucheleweshaji mara nyingine huruka ghafla kama mlima kisha hushuka, wakaweka kanuni maalumu ya kuutambua mlima huo. Mwaka 1996 ikaja RTP, inayoipa kila pakiti namba na muhuri wa saa, hivyo mpokeaji aweze kupima jita mwenyewe.

Milima hiyo ndiyo maisha ya mitandao isiyotumia waya. Hewa ni moja na wanaotaka kusema ni wengi. Kifaa cha Wi-Fi husikiliza kwanza, kikisikia mwenzake anasema hungoja muda wa kubahatisha, na kikituma bila kuthibitishiwa hurudia, kila mara kikiongeza upana wa bahati yake. Mnara wa simu nao hugawa zamu. Kwa hiyo pakiti hazipotei sana, bali hukwama halafu hufika kundi zima kwa mpigo, kama mikebe iliyosubiri mto upungue.

Mwaka 2009 waya za TEAMS na SEACOM zilitia nanga Mombasa. Safari ya kutoka Mombasa hadi Fujairah, kilomita 5,000 hivi, ikawa milisekunde 25 ndani ya nyuzi za kioo. Umbali ulikuwa umeshughulikiwa. Lakini waya ulifika Mombasa, haukufika Kieni. Kipande cha mwisho kwetu kilibaki hewani. Mwaka 2013 mradi wa Mawingu, ulioshirikisha Microsoft, ulianza kutumia masafa ya televisheni yasiyotumika kupeleka intaneti eneo la Nanyuki, ikiwemo shule ya sekondari ya Gakawa, ambayo iko Kieni kama sisi. Masafa hayo hufika mbali na hupenya miti, nayo mitambo ilikuwa ya nishati ya jua. Mwaka 2023 Starlink ikaanza huduma nchini, na setilaiti zake wakati huo zilikuwa kilomita 550 hivi tu juu, siyo 35,786. Ucheleweshaji ni mdogo sana, lakini mfumo hupanga upya setilaiti zake kila sekunde 15, na hapo sauti inaweza kuruka. Tumefupisha barabara, lakini mashimo bado yapo.

Ndiyo maana bafa nayo imelazimika kuwa na akili. Kampuni ya GIPS ilitengeneza NetEQ, ambayo haingoji msemaji avute pumzi. Inanyoosha au kubana maneno yenyewe kidogo kidogo bila sauti kuwa nene au nyembamba, na pakiti isipofika inakisia kipande kilichokosekana. Google iliinunua GIPS mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikaitoa bure ndani ya WebRTC. Leo mwanafunzi yeyote wa Nyeri anaweza kuisoma ile kodi, mstari kwa mstari.

Mimi niliisoma nikiwa nimechelewa. Miaka michache iliyopita nilitengeneza sehemu ya simu katika programu fulani, nikaweka bafa ya milisekunde 400 isiyobadilika, kwa sababu ofisini sauti ilitoka safi bila mkwaruzo hata mmoja. Nilijipongeza. Watumiaji wakaandika kwamba watu wanakatizana. Hakuna aliyelalamika kuhusu sauti! Nilikuwa nimewajengea saiba ya 2006 kwa mikono yangu, na safari hii hapakuwa na setilaiti ya kulaumu. Nilikuwa nimeogopa mkwaruzo, kwa sababu mkwaruzo unaonekana ni kosa la mhandisi. Kimya hakionekani kosa la mtu yeyote, isipokuwa la yule aliye upande wa pili, anayedhaniwa amekasirika.

Hilo ndilo ninalotaka tulibebe. Namba ya bafa si jambo la kifundi peke yake. Ukiiweka ndogo, silabi kadhaa zinapotea na mtu atasema, "Ati nini? Rudia." Ukiiweka kubwa, hakuna kinachopotea, lakini mtu hajui kama amejibiwa. Kati ya hayo mawili, mazungumzo huvumilia zaidi silabi iliyopotea. Wale wa 1974 waliliona hilo mapema, na kila kizazi cha waandika programu hulisahau kwa zamu, nikiwemo mimi.

Wiki iliyopita, pale mwinuko unaposhika mtandao, cucu alizungumza na shangazi kwa rununu yangu. Sauti ilikwaruza mara tatu, nne. Kila mara cucu alipaza sauti, "Ati?" na shangazi akarudia. Wakakatizana, wakacheka, wakasengenya jirani. Mimi nilishika simu tu, mkono juu, nikihesabu milisekunde kimoyomoyo.

Haya, kwa leo naishia hapa. Siku nyingine nikipata nafasi nitawaonyesha jinsi ya kupima jita ya mtandao wenu nyumbani, bila kununua chochote. Kaeni salama.