Nauli Unalipa na Kikombe cha Mvinyo?

Wasee, mnaona zile picha za watalii wakishuka shamba moja la mvinyo hadi lingine kwa tramu kule Franschhoek, Afrika Kusini? Hiyo tramu ni ya 2012 tu. Reli kutoka Cape Town ilifika Stellenbosch, jirani hapo, mwaka wa 1862, zaidi ya miaka 30 kabla Mombasa haijaona reli. Wenye mashamba wakapata njia rahisi ya kufikisha mapipa mjini.

Na wavunaji je? Sehemu ya mshahara wao ilikuwa mvinyo wenyewe, mtindo ulioitwa dop. Sasa hapo nauli utatoa wapi, bana? Baadaye ubaguzi ukagawanya hata mabehewa kwa rangi ya ngozi. Mpaka majuzi, wavunaji wengi walikuwa bado wanabebwa kazini nyuma ya lori.