Hodi Isiyovunja Mlango

Kila chombo alichokiunda mwanadamu kina namna yake ya kuugua, na mojawapo ya magonjwa makubwa ya kompyuta ni joto. Umeme upitapo ndani ya chombo hicho huacha joto nyuma yake, na kadiri kazi inavyozidi kuwa nzito ndivyo joto linavyozidi kupanda. Feni ya kupoza ikisimama, kompyuta hupunguza mwendo, au huzimika ghafula, au huharibika kabisa. Mgonjwa huyu hana sauti ya kulalamika. Basi ilikuwa lazima apatikane wa kumpima na wa kusoma kipimo. Insha hii yaeleza historia ya kazi hiyo, na jinsi wapimaji walivyokuja kutambua kwamba hata kumgusa mgonjwa kwaweza kumdhuru.

Katika miaka ya 1990 kompyuta za mezani zilianza kutumia umeme mwingi kuliko zile za awali, na feni ikawa kitu cha lazima juu ya chipu kuu. Ndipo kampuni ya Marekani iitwayo National Semiconductor ilipotengeneza chipu ndogo, LM78, ya kuwekwa juu ya bodi kuu ya kompyuta. Chipu hii haikufanya hesabu za mtumiaji wala kutunza nyaraka zake. Kazi yake ilikuwa ulinzi tu: kupima volti katika sehemu 7, mwendo wa feni 3, na joto la mahali pamoja.

Kwa mawasiliano yake, chipu hiyo iliweza kutumia njia nyembamba iitwayo I2C, iliyobuniwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1982. Njia hiyo ina nyaya mbili tu. Wa kwanza huchukua habari, na wa pili huchukua mapigo ya saa ili wanaozungumza wasipotezane. Chipu nyingi huishi kando ya nyaya hizo kama nyumba kando ya barabara moja, kila moja ikiwa na anwani yake. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kanuni za SMBus, zilizojengwa juu ya msingi huo, na bodi nyingi za kompyuta zikazifuata.

Lakini chipu ya ulinzi haisemi lugha ya watu. Ukiiuliza juu ya volti, yaweza kujibu 206, na jibu hilo peke yake halina maana. Hapana budi awepo mkalimani ajuaye kwamba kila hatua moja ya LM78 ni sawa na elfu 16 za volti moja. Hapo 206 hugeuka kuwa volti 3.296. Kadhalika kwa feni: chipu huhesabu mapigo ya saa yake wakati feni inapozunguka, na mkalimani huchukua 1,350,000 na kuigawanya kwa hesabu hiyo ikiwa imezidishwa kwa kigawanyo kilichowekwa. Hesabu ikiwa 150 na kigawanyo 2, feni inazunguka mara 4,500 kwa dakika. Mkalimani huyo ni programu, nayo huitwa kiendeshi.

Sasa tutazame ni nani waliowaandika wakalimani hao. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza mfumo wa Linux, ambao mtu yeyote ana ruhusa ya kuusoma na kuurekebisha. Mwaka 1998 watu kama Frodo Looijaard na Philip Edelbrock walikuwa wakiuandikia mfumo huo viendeshi vya chipu za ulinzi, katika mradi uitwao lm_sensors. Mark Studebaker naye akashiriki. Walisoma karatasi za maelezo za watengenezaji, ukurasa baada ya ukurasa, wakaandika viendeshi vya LM78, vya LM75, na vya chipu za kampuni ya Winbond ya Taiwan.

Hata hivyo, kuijua lugha ya chipu hakukutosha; ilibidi kwanza kujua ni chipu gani iliyomo. Watengenezaji wa bodi walichagua kila mmoja apendavyo, na mtumiaji wa kawaida hakujua kilichofichwa ndani ya sanduku lake. Chipu za aina mbalimbali ziliweza kukaa kwenye anwani moja. Nyingine zilikuwa na namba ya utambulisho, lakini LM75 haikuwa nayo; hiyo ilitambuliwa kwa dalili tu, kama vile mtu anavyomtambua jirani kwa mwendo wake gizani. Kwa hiyo mradi ulitoa programu ya uchunguzi, sensors-detect, iliyopita barabara nzima ikibisha hodi katika kila anwani na kungoja kuitikiwa.

Hodi hiyo ilikuwa fupi. Kompyuta ilitaja anwani, ikaonyesha kwamba inataka kuandika, kisha ikanyamaza bila kuandika lolote. Mwenye nyumba akiitika, ilijulikana kwamba yupo. Kanuni za SMBus ziliiruhusu hodi ya namna hiyo, na hakuna aliyetazamia kwamba ingeleta madhara.

Madhara yakaja. Baadhi ya kompyuta za mkononi za IBM, ziitwazo ThinkPad, zilikuwa na chipu ya kumbukumbu ya kampuni ya Atmel, AT24RF08, na ndani yake zilitunzwa habari za utambulisho na usalama wa kompyuta yenyewe. Chipu hiyo ilikuwa na kasoro ya kuzaliwa: ikibishiwa hodi kwa njia ya kuandika, mpangilio wake wa ndani ulivurugika, na maandishi yake yakaweza kuharibika. Mtu alichunguza kompyuta yake ili ajue joto lake tu. Alipoizima na kuiwasha tena, ikakataa kuamka. Mganga alikuwa amemuua mgonjwa kwa kumshika mkono.

Hapa ndipo penye swali linalotupasa kulifikiri. Kosa lilikuwa la nani? Waandishi wa viendeshi wangeweza kusema kwa haki kwamba walifuata kanuni na kwamba kasoro ilikuwa ya chipu. Lakini neno hilo, ingawa ni la kweli, lisingeamsha hata kompyuta moja. Chipu zilikwisha kuuzwa, nazo hazikuweza kuitwa zirudi kiwandani. Kitu pekee kilichoweza kubadilika upesi ni programu. Basi wao wakaibadili.

Kwanza waliweka kizuizi. Kiendeshi cha njia hiyo kwa chipu za Intel ziitwazo PIIX4 kilifundishwa kutazama jina la mtengenezaji, na kikiona IBM kilikataa kufanya kazi, kikitoa onyo kwamba chaweza kuharibu kumbukumbu ya kompyuta. Ni afadhali kukosa kipimo kuliko kumkosa mgonjwa. Baadaye walibadili hodi yenyewe. Katika anwani ambazo chipu za kumbukumbu hukaa, Linux haibishi tena kwa kuandika. Husoma baiti moja tu, kwa maana kusoma hakukuonekana kuivuruga chipu ile. Sababu ya mabadiliko hayo imeandikwa ndani ya programu yenyewe, ili atakayekuja baadaye asiiondoe hodi ya upole kwa kudhani ni kazi bure.

Kazi hiyo haikupotea. Viendeshi viliingizwa katika Linux yenyewe, ambayo toleo lake la 2.6 lilitoka Desemba 2003, na mwaka 2005 vikapewa chumba chao, kiitwacho hwmon. Jean Delvare alikuwa miongoni mwa waliovitunza kwa miaka mingi. Hata leo kompyuta yenye Linux huandika joto la digrii 45 kama 45000, yaani kwa elfu za digrii, kwa kuwa kiini cha mfumo huo hupendelea namba nzima.

Msomaji, tunasifu sana wavumbuzi waliotengeneza vyombo vipya, na sifa hiyo ni yao kwa haki. Lakini historia hii yatuonyesha sifa ya namna nyingine: ya mtu aliyetenda kwa kufuata kanuni, akaona mwenzake amepata hasara, naye badala ya kusimama nyuma ya kanuni akarudi kazini. Kuuliza si ujinga, wazee walisema. Nasi twaweza kuongeza kwamba namna ya kuuliza nayo ni elimu. Mgeni mwema hatosheki kujua kwamba ana ruhusa ya kubisha. Hutazama kwanza kama mlango ni dhaifu.