Ngome Isiyo na Mawe: Kuitafuta Ikulu ya Wafalme wa Burundi

Neno "ngome" linapotajwa, fikra zako hukimbilia wapi? Bila shaka hukimbilia kwenye mawe. Ukiwa umesoma historia ya pwani, utaikumbuka Husuni Kubwa, jumba la kisultani lililojengwa Kilwa Kisiwani katika karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe. Paa zake zimeanguka, lakini magofu yake yangali yakiitazama bahari, na mgeni yeyote akifika hahitaji kuambiwa kwamba hapo palikuwa na enzi.

Sasa zichukue fikra hizo uende nazo Gitega, katikati ya Burundi. Utapanda vilima na kushuka mabonde, ukiuliza ilipokuwa ikulu ya wafalme wa kale, wala hutaonyeshwa hata ukuta mmoja. Je, ukosefu wa mawe ni ushahidi kwamba hapakuwa na ikulu? Swali hili ndilo linalowasumbua wapenzi wa historia wanaoitafuta enzi hiyo bila shahada wala mshahara, wakiwa na daftari na subira tu. Nawe ukitaka kuwa mmoja wao, sharti ujue kwanza unachokitafuta.

Burundi ilikuwa ufalme kwa karne kadhaa. Mfalme aliitwa mwami, na wafalme walipokezana majina manne: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Masimulizi humtaja Ntare Rushatsi kuwa ndiye mwanzilishi. Ntare Rugamba aliipanua nchi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwanawe Mwezi Gisabo alitawala hadi mwaka 1908, akiwa amelazimika kutia saini mkataba na Wajerumani huko Kiganda mwaka 1903. Ufalme wenyewe ulikoma tarehe 28 Novemba 1966, Michel Micombero alipoitangaza nchi kuwa jamhuri.

Wafalme hao hawakujenga kwa mawe. Ikulu yao ilikuwa boma lenye nyua zilizofuatana, nyumba kubwa ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi, na uzio wa miti na matete. Tena mwami hakukaa mahali pamoja: alikuwa na makazi kadhaa, akihama kutoka hili kwenda lile pamoja na ng'ombe wake na watu wake. Boma lililoachwa lilirudi udongoni baada ya misimu michache ya mvua. Mchwa hawaheshimu taji.

Hata hivyo, si kila kitu kilichooza. Miti ya uzio ilikuwa mara nyingi ya umuvumu, mti wa jamii moja na mkuyu. Tawi lake likichomekwa ardhini hutoa mizizi. Kwa hiyo kigingi kilichowekwa kuzuia ng'ombe kilichipua, kikawa mti, na mti ukadumu baada ya nyumba kutoweka. Ukiona leo duara la mivumu mikubwa juu ya kilima kisicho na nyumba, usidhani ni kazi ya ndege au ya upepo. Umesimama uani mwa mtu, na huenda mtu huyo alikuwa mkubwa.

Warundi wenyewe walilijua jambo hili. Vichaka vitakatifu vilivyohusiana na wafalme waliviita "intatemwa", yaani visivyokatwa. Sikiliza neno hilo vizuri, wewe unayejifunza Kiswahili: ndani yake mna kitenzi kilekile tunachokitumia tunaposema "kutema kuni". Léonidas Ndoricimpa na Claude Guillet walipokusanya masimulizi ya mdomo ya Burundi katika kitabu kilichotoka mwaka 1984, walikipa jina la Kifaransa ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Mti wa Kumbukumbu". Hawakukosea.

Mabaki ya pili ni ngoma. Kilomita 7 hivi kutoka mjini Gitega kuna kilima cha Gishora, ambacho husimuliwa kuwa Ntare Rugamba alikianzisha baada ya kumshinda chifu mwasi. Huko utaona nyumba ya msonge na uzio wake, vilivyotunzwa kwa kujengwa upya, kwani nyasi hazidumu. Utazikuta pia ngoma mbili za kale, Ruciteme na Murimirwa. Jina la kwanza humtaja anayefyekewa mashamba, na la pili anayelimiwa. Katika Kirundi neno "ingoma" lina maana ya ngoma, na pia lina maana ya ufalme. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kwa hiyo mpigaji ngoma wa Gishora ni mlinzi wa jengo ambalo kuta zake ni mdundo.

Mabaki ya tatu ni vinywa vya wazee, na hapa ndipo penye hatari. Mzee anaweza kusahau, na anayemuuliza anaweza kusikia anachotaka kusikia. Mwaka 1892 msafiri kutoka Austria, Oscar Baumann, aliingia Burundi akitokea mashariki. Watu wengi walimpokea kwa shangwe wakimwita Mwezi. Yeye akaamini kwamba ukoo wa wafalme umekwisha, na kwamba anapokewa kama mfalme aliyerudi. Kumbe wakati huohuo Mwezi Gisabo alikuwa hai na anatawala! Baumann alikuwa na macho, masikio na kalamu; alichokosa ni mazoea ya kuuliza mara ya pili.

Kutoka Gitega sasa twende kaskazini-mashariki, hadi Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko somo linakuwa gumu zaidi. Mamlaka ya Mwezi Gisabo katika pande za mashariki yalikuwa hafifu. Waliotamba ni Batare, wazao wa Ntare Rugamba, kila mmoja akiwa na boma lake na watumishi wake. Duara la mivumu katika kilima cha Muyinga laweza kuwa ikulu ya mwami, boma la mwana wa mfalme, au makazi ya tajiri wa ng'ombe. Mti hautaji jina la aliyeupanda. Mpenzi wa historia anayetaka kijiji chake kipate sifa atasema upesi, "Hapa alikaa mfalme." Mtafutaji mwaminifu atasema, "Hapa palikuwa na boma, tuendelee kuuliza."

Na katika kuuliza itambidi avuke mpaka. Nchi ya Bugufi, iliyokuwa sehemu ya ufalme huo, ilitengwa na Burundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakati Wabelgiji na Waingereza walipogawana koloni la Wajerumani. Leo iko Ngara, Tanzania. Kumbukumbu za ufalme mmoja sasa zimo katika nchi mbili. Wahangaza wa Ngara husema lugha iliyo jirani sana na Kirundi, na Kiswahili kinawaunganisha wote. Unaona, basi, kwamba lugha unayojifunza si ya sokoni tu; ni ufunguo wa kumbukumbu zilizogawanywa na mstari wa ramani.

Kwa nini jambo hili ni la uraia, wala si la burudani? Kwa sababu wakoloni walisema kwamba Mwafrika hakuweza kuunda dola bila kufundishwa na mgeni. Waliyasema hayo mbele ya kuta za Great Zimbabwe, zilizojengwa na Waafrika. Ingekuwa rahisi kiasi gani kuyasema mahali pasipo na ukuta! Nadharia hizohizo za wageni watawala na wenyeji watawaliwa ziliwagawa Warundi, na matunda yake yalikuwa damu. Anayetunga ikulu ya uongo ili kulitukuza kundi lake anarudia kosa lilelile kwa mkono mwingine.

Basi, ukienda kutafuta, usichukue jembe. Anayechimba bila ujuzi huharibu ushahidi, na shimo halifukiwi likarudi kama lilivyokuwa. Chora mahali kila mti ulipo. Andika jina la kilima na maana yake. Andika nani alikusimulia, lini, na yeye alisikia kwa nani. Wazee wawili wakipingana, andika maneno ya wote wawili. Kisha peleka nakala kwa wataalamu. Makumbusho ya Taifa yako Gitega tangu mwaka 1955.

Fanya hivyo mapema. Kuni zinahitajika kila jioni, na matofali yanachomwa kwa miti. Jumba la mawe likibomoka huacha kifusi, lakini muvumu ukishakuwa mkaa hauachi hata kivuli cha kuulizia njia. Waliozipanda ngome hizi walituachia neno moja la kuzilinda, nalo umekwisha kulijifunza leo: intatemwa.