Wapangaji wa Bua la Mtama

Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu wa Singida, Tanzania, mnamo 1959 na 1960, aliwakuta ni wafugaji wanaotia samadi mashambani, na nafaka zao kuu zikiwa mtama na uwele. Kuna walaji wengine wa nafaka hizo ambao hawapigi hodi.

Lipasue bua la mtama lililodumaa. Utaona njia nyembamba iliyojaa vumbi la kinyesi, na mwishoni mwake funza. Wa siku nyingi ni Busseola fusca na Sesamia calamistis, wote wazaliwa wa Afrika. Nondo wao huficha mayai kati ya ala ya jani na shina. Wengine wana zamu yao: nzi wa chipukizi huwahi mche mchanga na kuukausha moyo, na visubi wa mtama hungoja suke lichanue.

Kisha akaja mgeni. Chilo partellus, mzaliwa wa Asia, aliripotiwa Malawi mwaka 1932, na miaka ya 1950 akawa ameshaonekana Tanganyika. Pwani ya Kenya alimbana ndugu yake wa hapa, Chilo orichalcociliellus, kwa kuwa hukua haraka kuliko yeye. Mwenyeji hata hivyo hakutoweka: anaweza kukulia kwenye majani ya porini ambayo mgeni huyo hayamudu.

Singida iko pazuri kwa mchanganyiko. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali bonde la Wembere liko chini zaidi. Busseola hupenda ubaridi, Chilo joto, na kwenye miinuko ya kati hukutana ndani ya bua moja.

Kiangazi Busseola na Chilo hulala kwenye mabua makavu. Huko Afrika Kusini ilibainika kuwa Chilo huamka mapema kuliko Busseola, akawahi mazao machanga. Nadhani ushindi wake uko hapo zaidi kuliko kwenye meno.

Ili kumdhibiti Chilo, mwaka 1993 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilimwachilia pwani ya Kenya nyigu mdogo kutoka Asia, Cotesia flavipes, anayetaga ndani ya funza wake. Baadaye alionekana hadi Tanzania. Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walithibitika nchini 2017. Bahati ya Singida ni kwamba wanapenda mahindi kuliko mtama.

Kuchoma mabua huua funza waliolala ndani, lakini mkulima asiyeyachoma kwa sababu ng'ombe wanayahitaji ana haki. Basi yaliwe yaishe, na yanayobaki yalazwe juani wiki kadhaa kabla ya mvua za kwanza, ili jua liwaue funza hao.