Walioondoka Bila Kuaga

Meli haifichiki. Hasa meli ya abiria 1,500 inayotoka Kilindini. Mlango wa bandari ile ni mwembamba. Chombo chochote kinachotoka lazima kipite mbele ya Likoni, macho ya wavuvi, ya wachuuzi na ya watu wanaongoja kuvuka yakikitazama. Kwa hiyo Waingereza walipotaka kuwapeleka askari wetu ng'ambo mwaka 1944, hawakuweza kuficha meli. Walificha inakokwenda. Na ili habari isivuje, hawakumwambia hata yule anayesafiri.

Ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya siri hiyo. Sisi vijana wa mjini tukisikia Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, akili inakwenda moja kwa moja kwenye sinema: theluji, vifaru, Wazungu wanapigana na Wazungu wenzao. Tunasahau kwamba vita vile vilibisha hodi hata kwa babu zetu. Kenya ilitoa karibu watu 98,000, Tanganyika kama 87,000, Uganda kama 77,000. Wengine walikuwa madereva, wapishi, watengeneza barabara. Wengine walishika bunduki katika King's African Rifles, jeshi ambalo wazee waliliita Keya. Walipigana na Waitaliano Somalia na Uhabeshi mwaka 1941, wakaenda Madagascar mwaka 1942, na wakawa wanavushwa Bahari ya Hindi kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na kutoka huko wakaingia misitu ya Burma kumkabili Mjapani.

Sasa, kwa nini siri? Tusilaumu kabla ya kusikiliza. Sababu ilikuwepo, tena nzito. Februari 1942 Wajapani waliteka Singapore. Machi wakaingia Rangoon. Aprili ndege zao zikapiga Colombo na Trincomalee, na manowari za Kiingereza za upande ule zikalazimika kurudi nyuma mpaka, unadhani wapi? Mombasa! Kilindini ikawa makao yao. Juni na Julai mwaka huohuo nyambizi za Kijapani zilizamisha meli zaidi ya 20 katika mlango-bahari wa Msumbiji. Adui hakuwa hadithi ya mbali; alikuwa jirani yetu majini.

Na Mombasa yenyewe ilijaa mambo ya chini kwa chini. Shule ya Allidina Visram, ile tunayoijua, iligeuzwa mwaka 1942 kuwa nyumba ya kusikilizia. Wataalamu wa Kiingereza walikaa humo wakinasa simu za upepo za Wajapani na kufumbua maandishi yao ya mafumbo, hadi walipohamia Colombo mwaka 1943. Serikali inayoishi kwa kusikiliza siri za mwenzake inajua vizuri jinsi neno moja linavyoweza kuua. Hapo siwezi kuibishia.

Basi siri ya jeshi ilikwenda hivi. Askari anaambiwa afunge mzigo wake. Haambiwi lini, haambiwi wapi. Anapanda garimoshi, anashuka pwani, anapanga foleni, anapanda ngazi ya meli. Mara nyingi anapoambiwa aendako, nchi kavu imekwisha kupotea machoni. Ukitafakari, ni hila ya maana: mtu hawezi kutoboa siri asiyokuwa nayo. Tunazoea kusema askari walitunza siri, lakini askari wa kawaida wa Keya hakupewa siri yoyote ya kutunza. Alichopewa ni amri ya kunyamaza.

Lakini watu si wajinga. Waswahili wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Likizo ya ghafla ilikuwa tangazo tosha; kijiji kizima kilielewa kwamba mtoto wa fulani amekuja kuaga, hata kama mwenyewe hasemi neno. Kuli anayepakia masanduku bandarini alijua uzito wake. Mpishi alijua chakula cha siku ngapi kimeingia melini. Nchi nzima ilikuwa inanong'ona, na serikali inajifanya haisikii.

Hebu mfikirie kijana wa miaka ishirini amekaa na mama yake jikoni, usiku wa mwisho wa likizo. "Unakwenda wapi, mwanangu?" "Kazini, mama." "Kazini wapi?" "Huko huko kazini." Mama anajua kwamba anafichwa. Kijana naye anajua kwamba hana cha kumficha, maana hajui. Kuaga kwetu kuna mambo yake: kuna maneno ya kusema, kuna dua, kuna deni la kukumbushana, kuna kusema shamba hili la nani na ng'ombe yule wa nani. Yote hayo yanahitaji mtu akiri kwamba anakwenda mbali na pengine hatarudi. Aliyekatazwa kusema anakwenda wapi amekatazwa pia kuaga sawasawa.

Wakifika ng'ambo, siri iliendelea kwenye barua. Anwani haikuwa na jina la mji. Ilikuwa namba ya askari, jina la kikosi na posta ya jeshi. Barua ilisomwa na wakaguzi kabla ya kufungwa safari, na palipotajwa mahali pakakatwa. Tena wengi hawakujua kuandika, wakaandikiwa na wenzao. Na kule nyumbani barua ikasomwa na mwalimu au karani. Hesabu mwenyewe: mwandishi, mkaguzi, msomaji. Neno la mume kwa mkewe lilipita kwa watu watatu kabla ya kumfikia mwenyewe. Utasema nini humo zaidi ya "mimi mzima wa afya, sijui nyinyi huko"?

Na hapa historia inatuchezea mchezo. Wakaguzi wale hawakukata tu, walinakili pia. Waliandikia wakubwa wao taarifa za mara kwa mara: askari wanalalamikia nini, mshahara, chakula, ubaguzi, wake zao walioachwa. Taarifa hizo zikahifadhiwa, na leo wanahistoria wakitaka kujua babu zetu walikuwa wanawaza nini kule Burma, wanazifungua hizo. Barua zenyewe nyingi zimeliwa na mchwa. Kilichobaki ni kile alichonakili mtu aliyewekwa kuzizuia.

Sasa tuje kwenye meli yenyewe. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria uliondoka Kilindini kwenda Colombo, ukilindwa na manowari. Meli moja iliitwa Khedive Ismail, jina la mtawala wa Misri wa karne ya 19. Ilibeba watu 1,511. Karibu 1,000 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki: askari Waafrika pamoja na maafisa na masajini wao Waingereza. Wengine walikuwa mabaharia wa kivita, wauguzi wa kike na wanawake wa jeshi la maji.

Jumamosi tarehe 12 Februari, kama saa nane na nusu mchana, msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldives. Nyambizi ya Kijapani I-27 ilikuwa inavizia. Topido mbili ziliipata Khedive Ismail. Kwa muda wa dakika mbili hivi meli ilikuwa imekwisha. Dakika mbili! Mtu aliye chini, kwenye vyumba vya askari, hata ngazi hajaifikia.

Walioruka wakawa wanaelea, wameshikilia mbao na maboya. Lakini nyambizi ilikuwa bado ipo, imejificha chini, na meli nne za abiria zilikuwa bado hatarini. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, zikaanza kuiwinda kwa mabomu yanayolipuka chini ya maji, na baadhi ya mabomu hayo yaliangukia walipokuwa wanaelea watu wao wenyewe. Mwisho I-27 ililazimika kuibuka juu, ikazamishwa kwa topido ya Petard. Waliookolewa kutoka Khedive Ismail walikuwa 214. Waliokufa, 1,297. Wanawake 77 walikufa; sita tu waliokolewa.

Wee msomaji, tazama jambo hili kwa makini. Siri yote ile, kunyamazishwa kote kule, mama kudanganywa jikoni, hakukuiokoa meli hii. Nyambizi haikuhitaji mnong'ono wa kijana wa kijijini. Njia ya kutoka Mombasa kwenda Colombo inapita karibu na Maldives, na mwenye subira anaweza kukaa njiani akangoja.

Najua kuna atakayenijibu: vita ni vita, bwana, meli ngapi zilifika salama kwa sababu watu walifunga midomo? Ni kweli. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivushwa, ikafika Burma, ikapita bonde la Kabaw katika mvua na malaria, na Desemba 1944 ikafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Siri ya safari ina haki yake, na mimi siipingi. Lakini siri ya safari huisha safari inapokwisha. Tarehe 12 Februari jioni, safari ya meli hiyo ilikuwa imekwisha. Waliobaki hawajui ni wale walioachwa nyumbani. Wakati ule habari za meli kuzama hazikutangazwa gazetini kesho yake. Taarifa ya kifo ilipitia jeshini, ikapitia bomani kwa Bwana DC, ikateremka kwa chifu. Mpaka imfikie mama, imekuwa sentensi moja: mtoto wako amekufa vitani. Alikufa wapi? Baharini. Bahari ipi? Alikuwa anakwenda wapi? Hakuna kaburi la kupelekwa, hakuna mwenzake wa kumsimulia, maana wenzake wengi wamezama naye. Siri iliyowekwa ili Mjapani asijue ikaishia kwa mama.

Linganisha na waliofika na kurudi. Waruhiu Itote alikwenda Burma akiwa askari wa Keya, akarudi, akaingia msituni na Mau Mau akaitwa Jenerali China, na mwaka 1967 akatoa kitabu akisimulia aliyoyaona na kuyasikia kule. Bildad Kaggia, aliyetumikia jeshini Mashariki ya Kati na Uingereza, naye akaandika yake mwaka 1975. Walifundishwa kunyamaza, lakini walikuwa hai, wakachagua wakati wa kusema. Watu wa Kikosi cha 301 hawakupata nafasi hiyo. Na Waingereza nao wanawakumbuka watu wao wa meli ile: mwaka 1997 kilichapishwa kwao kitabu kizima juu yake. Wana haki. Sisi je?

Mimi nimekwenda kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Pale pana Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, na miongoni mwa majina yaliyochongwa wamo wa Khedive Ismail, watu ambao kaburi lao ni bahari. Ukiyasoma unakutana na majina ya kawaida kabisa, majina unayoyasikia kwenye matatu na kwenye rejesta ya darasani. Jina, namba, kikosi. Basi. Jiwe limefanya kazi yake. Jiwe haliwezi kusema alikuwa anacheka vipi, wala alimwambia nini mama yake usiku ule.

Kwa hiyo nawageukia ninyi mnaotaka kuwa waandishi. Tunalalamika kila siku kwamba hatuna la kuandika, tunaiga riwaya za majasusi wa Ulaya, eti siri ziko huko. Siri iko kwenye sanduku la bati la bibi yako. Kuna picha ya mtu aliyevaa kaki ambaye hatajwi. Kuna namba ya askari imeandikwa nyuma ya Biblia au ndani ya juzuu. Kuna mjomba ambaye "alipotea vita vya Bama" na hadithi ikaishia hapo. Waliomjua kwa macho wamekwisha, lakini waliosimuliwa nao bado wapo, na hao nao wanazeeka. Nenda uulize. Uliza jina la kikosi, uliza mwaka, uliza aliondokea wapi na alisema nini akiondoka. Andika hata kama ni ukurasa mmoja.